Ufunguo wa Mlango wa Mbele

Mwaka 2091, wakati wa mvua za vuli, mjukuu wangu Tunu aliandika tasnifu ya shahada ya sheria. Kanuni ya chuo ilimtaka kila mwanafunzi aishi nyumbani kwake chini ya sheria aliyoipendekeza, hadi tasnifu ikubaliwe. Tunu alipendekeza wazee wasitoke nje bila idhini, kwa usalama wao. Nami nikamkabidhi ufunguo wangu.

“Umenuna, Bibi?”

“Sijanuna. Ninaomba idhini ya kwenda kununua chumvi.”

“Twende wote,” alijibu, akaniweka sawa mtandio wangu.

Msimamizi wake, Dakta Kilewo, aliisifu sana tasnifu ile. Ilikubaliwa, ikapelekwa bungeni iwe sheria ya nchi.

Jioni hiyo Tunu alinirudishia ufunguo, macho ameyainamisha.

“Utumie sasa, Bibi,” alisema, “kabla hawajaipitisha.”