Pofu Aliyependa Kuitwa Mtumishi

Bondeni palikuwa na Pofu, swala wa pembe ndefu, mkubwa wa wanyama wote, naye alipenda mno kuitwa Mtumishi. Desturi yao ilikuwa mkubwa anywe kwanza, wengine wangoje.

Kiangazi kimoja Pofu alifika bwawani akaona macho mawili juu ya maji, kisha yakazama. Mamba! Akawageukia wenzake, akajikohoza.

"Jamani, leo najishusha," akasema. "Mama Digidigi, wewe mdogo wa wote, kanywe kwanza."

Digidigi akapiga magoti, machozi yakimlengalenga. "Mimi, Mtumishi? Na watoto wangu walivyokauka koo! Mungu akuzidishie."

"Kimbia, mama, asije akabadili nia!" akadakia Ngiri akicheka, asiyejua kufunga mdomo.

Digidigi akaenda mbio, akimshukuru Mungu kwa sauti. Kila neno lilimchoma Pofu kama mwiba. Ee Mungu, namuua huku ananiombea, akawaza.

"Rudi!" akapiga kelele. "Nimesema uongo. Kuna mamba, nami nimeogopa!"

Akampita Digidigi, akatumbukia, akayapiga maji kwa kwato na pembe huku akitetemeka mwili mzima. Mamba akaibuka, akamnyofoa mkia, akazama nao kilindini.

"Kunyweni upesi," Pofu akasema, damu ikimtoka, akiwakinga upande wa kilindi.

Ngiri akamtazama. "Mkia huna tena, Mtumishi," akasema, na safari hii hakucheka.

Hofu haijamtoka Pofu mpaka leo. Ila ukimwita Mtumishi, huitika akiwa ameshaingia majini.