Mara Thelathini na Nane

"Hongera," alisema dada wa kliniki ya usingizi, macho kwenye kompyuta. "Miezi miwili, na hujakosa kuvaa kinyago cha mashine hata usiku mmoja."

Mwokaji mikate alikuwa amejiandaa kwa karipio, si kwa hongera. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa yeye hushika zamu ya usiku mbele ya tanuri, na usingizi huuiba huko huko, juu ya magunia ya unga. Siku hizo mashine yake ya kupumulia hubaki nyumbani, kando ya kitanda. Kando ya mke wake.

"Hata usiku mmoja?"

"Hata mmoja. Kadi ya mashine haidanganyi. Ila matibabu yenyewe yananichanganya." Akamgeuzia kompyuta. Mstari wa kijani, mstari mwekundu, kijani tena. "Namba hii ni mara ngapi pumzi inakatika kwa saa. Ikiwa chini ya tano, tunashukuru Mungu. Jumanne umepata tatu, umelala kama mtoto mchanga. Jumatano, thelathini na nane! Alhamisi, tatu tena. Utadhani ni watu wawili."

Mwokaji alihesabu mistari myekundu kwa kidole.

"Na usiku huo mwekundu hewa inavuja sana. Mara nyingi ni kinyago kutolingana na uso, au ndevu. Ulikuwa umefuga ndevu?"

Mwokaji alipapasa kidevu chake laini kama andazi. Hakusikia neno jingine baada ya hapo, ila ndevu.

"Tuangalie wiki moja zaidi," dada akamalizia, akimpa karatasi iliyochapwa. "Namba zikibaki hivi, daktari ataamua kama mashine inakufaa au tumpe mgonjwa mwingine."

Wivu ni moto wa pumba: hauwaki, unafukuta. Njia nzima ulifukuta ndani yake. Mambo aliyokuwa akiyaona nyumbani bila kuyatazama, sasa yalijipanga yenyewe. Mkewe, fundi cherehani, siku hizi husinzia sindano ikiwa mkononi. Juzi alishona mfuko wa shati la mteja mgongoni. Mwokaji kila akirudi kutoka zamu, humkuta ameshika kichwa. "Nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala," husema. Naye, bwege, alikuwa akimkanda mabega!

Kilichomuuma zaidi ni kinyago. Mtu akivaa viatu vyako, hizo ni dharau. Akivaa pumzi yako je? Dume zima, lenye maradhi yale yale, linakuja kutibiwa bure kitandani mwake.

Mlangoni alimkuta jirani yao, fundi redio, amekaa kwenye kigoda akichana ndevu zake. Ndiye aliyembandika mwokaji jina la Injini, kwa jinsi alivyokuwa akikoroma kabla ya mashine.

"Injini! Si ulitangaza umepona? Jumatano ukuta wangu ulitetemeka mpaka kunakucha."

"Jumatano nilikuwa kazini."

Kitana kikasimama katikati ya ndevu. "Aa. Basi... labda ni masikio yangu, ndugu yangu." Akabeba kigoda chake, akaingia ndani.

Mwokaji alisukuma mlango wake kwa bega. Mkewe alikuwa ameinamia cherehani, kope nzito. Karatasi ikatua juu ya kitambaa.

"Nani anavaa kinyago changu nisipokuwepo?"

Mke aliitazama ile mistari myekundu. Hakukana. Laiti angekana!

"Umejuaje?"

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ya kwanza. Kila ukienda zamu." Mke alikuwa akizungushazungusha uzi kidoleni. "Usinikasirikie, mume wangu. Nilifanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu!"

"Si kule kliniki walisema mbele yangu, wakiona usiku umepita bila kinyago kuvaliwa, mashine watampa mtu mwingine? Wewe ulikuwa umelala, hujui nilivyokuwa nakesha. Unakoroma, kisha kimya, nami nimekaa kitandani nangoja pumzi yako irudi. Siwezi kurudia yale. Kwa hiyo ukitoka, nakivaa kinyago mimi, nakaza mikanda. Ninavyolichukia lidude lile! Usiku kucha linanipuliza puani. Lakini nikasema, acha liandike kwamba upo."

Mwokaji alimkodolea macho. Kisha kicheko kikampanda kutoka tumboni, akacheka mpaka machozi, akamkumbatia pamoja na cherehani lake.

"Kuna nini?" mke aliuliza. "Ulidhani nani?"

"Usiniulize. Kaa, pumzika, leo chai napika mimi."

Jikoni alijitukana polepole huku maji yakichemka. Ndevu! Na maskini fundi redio, kesho atampelekea mkate wa moto. Dume lile lililomtesa njia nzima lilikuwa hewa tupu. Alimimina chai, akatia sukari vijiko viwili kama mkewe apendavyo, akairudia karatasi juu ya cherehani ili aichane.

Jumanne, tatu. Jumatano, thelathini na nane.

Mkono wake ukasita.

Mkewe alikuwa ameshasinzia, shavu juu ya kitambaa, anakoroma. Kisha mkoromo ukakatika. Mwokaji akasimama pale pale, kikombe mkononi, akingoja pumzi irudi.