Jino Mfukoni, Muhuri Dirishani

Siku ile mjinga alikuwa Ouseph, na mwenyewe hakatai. Ngumi ya kwanza ilipomkuta kwenye foleni, mbele ya ofisi ya serikali ya jimbo pale Thiruvananthapuram, alijibu, "Samahani, kaka."

Aliyempiga ni Sugunan, dalali. Kwa rupia elfu mbili angekupitishia karatasi zako mlango wa nyuma. Ukikataa, alikuwa na namna yake ya kukubembeleza. Mlinzi wa langoni alikuwa akimtoa nje kila mgomvi, isipokuwa Sugunan, kwa kuwa wawili hao walikuwa wakinywa chai kikombe kimoja.

Ujinga wenyewe ulianza wiki moja nyuma. Polisi walipotoa cheti cha tabia njema, kile kinachotakiwa Kuwait, Ouseph alikipenda mno, akaenda kukipigisha plastiki ya moto kama picha ya mtakatifu. Sasa karani Vasantha alikuwa akikigonga kwa ukucha.

"Muhuri wa jimbo haushiki kwenye plastiki. Kabandue." Akaitazama picha kwenye cheti, akamtazama Ouseph. "Na hii sura uibandue taratibu. Ina nafuu kuliko hiyo uliyokuja nayo."

Foleni nzima ikacheka.

Dirisha lingefungwa saa saba. Bila muhuri wa leo, cheti kisingewahi ubalozini, na kazi ya Kuwait ingepewa mtu mwingine. Alfajiri mkewe, Mariakutty, akifunga kamba za viatu vyake vyeupe, alikuwa amemwonya: "Mikono yako naijua. Usimguse mtu mpaka muhuri ugonge."

Ouseph akachuchumaa ukutani na wembe wa kuazima, akabandua ncha moja ya plastiki. Sugunan akamfuata, akamkanyaga kidole. Halafu kibao. Wembe ukamchana Ouseph dole gumba.

"Rudisha ngumi basi," Sugunan akasema, watu wote wasikie. "Hawezi huyu. Mwenye cheti cha tabia njema ni tembo wa hekalu. Mwili wote ule, mguuni mnyororo."

Teke likamkuta mdomoni. Jino likatoka. Ouseph akalitema kiganjani, akalitia mfuko wa shati, akaendelea kubandua huku akiinamisha kichwa upande, damu isidondokee karatasi.

Saa saba kasoro dakika tano alikuwa dirishani, plastiki yote imebanduka. Vasantha alikitazama kidevu chake chekundu. Akatia sahihi. Akagonga muhuri.

Ouseph akaupuliza wino hadi ukakauka, akakitia cheti kwenye bahasha, kisha akairudisha bahasha dirishani.

"Dada, nishikie dakika mbili."

Akakunja mikono ya shati.

Pua ya Sugunan ilivunjika kama papadi ya kukaanga. Kiwiko kikamfuata shingoni, ukuta ukampokea, goti likamrudisha. Mlinzi alikuja mbio na rungu. Rungu likabadili mmiliki, na mlinzi akalala kifudifudi kwenye maganda ya ndizi. Sugunan akajaribu kutambaa. Ouseph akamshika mguu, akamvuta, akaanza upya. Ilibidi watu sita wamwondoe, na wawili kati yao hawakuharakisha.

Polisi alipofika, Sugunan alikuwa kaketi chini, meno manne yakiwa mapajani, na bado anacheka.

"Andika, afande. Shambulio, mashahidi foleni nzima. Wino haujakauka, na cheti chake kimeshakufa. Kuwait ataiona kwenye ramani."

Polisi akamfunga Ouseph pingu, akatikisa kichwa. "Kweli, bwana. Umejimaliza mwenyewe."

Ouseph akaelekeza kidevu kwenye bahasha iliyokuwa mkononi mwa Vasantha.

"Nipeleke tu, afande, nimestahili. Ila kwanza msomee huyu jina lililoandikwa mle. Mwenye tabia njema ni mke wangu."