Alama Kwenye Mwimo wa Mlango

Fruma alikataa kiti, akakataa na chai. Alibaki amesimama kwenye mlango wa nyumba aliyozaliwa, akimkazia macho mzee Anselmi, aliyekuwa dereva wa Mkuu wa nchi enzi za utawala wake.

"Usimsingizie marehemu," mzee alifoka. "Kuwaua Wayahudi ilikuwa kazi ya watu wa chini yake. Mkuu hakujua lolote."

"Na nyumba hii ulipewa na nani?"

"Na yeye mwenyewe!" Mzee alitanua kifua. "Nilipomwambia naoa, aliinyooshea kidole tukiwa garini. Akaniambia nivute subira mpaka Jumapili, waliomo watakuwa wameshaondolewa, na hawatarudi kudai."

"Sisi tulichukuliwa Ijumaa," Fruma alisema. "Alipoinyooshea kidole, mama yangu alikuwa humo jikoni anatupikia."

Fruma akapapasa mwimo wa mlango. Chini ya rangi ya kijani vidole vyake vilikuta kishimo kilichokaa mshazari, pale baba yake alipopigilia kikasha chenye maneno ya Mungu, kama Wayahudi wafanyavyo. Akaanza kuibandua rangi kwa ukucha, kipande kwa kipande.

"Ondoka mlangoni kwangu!" Mzee aliushika mlango kwa mikono miwili, akaanza kuusukuma aufunge.

Fruma hakuutoa mkono wake kwenye mwimo.