Shangazi wa Gavrilo

Mbwamwitu wa nyikani waliwatawala mbwa wa msitu wa theluji kwa vizazi vingi. Utawala wao ulipoanguka, baadhi yao walibaki, wakaoana na mbwa, wakazaa.

Gavrilo, mheshimiwa wa baraza la mfalme, alizaliwa na baba mbwamwitu, lakini hakuna aliyemshinda kwa majigambo. "Ukoo wetu ni wa mbwa tupu," alisema katika kila karamu.

Siku moja walinzi waliingia karamuni na mbwamwitu jike, mzee, aliyekonda. "Tumemkuta langoni. Anasema ana ndugu humu."

Mfalme akauliza, "Gavrilo, unamjua?"

Gavrilo alimjua. Alikuwa Altini, shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Akainamia sahani yake. "Simjui, Mtukufu."

Altini akamtazama kidogo, kisha akasema, "Kweli, hanijui. Nimekosea nyumba, mnisamehe." Akatoka.

Mfalme akashusha pumzi. "Masikini! Nilitumaini ni ndugu wa mmoja wenu, nimketishe karibu nami. Hata bibi yangu alikuwa mbwamwitu."

Waheshimiwa wakaanza kuwataja bibi na babu zao, mmoja baada ya mwingine, wakicheka. Gavrilo alikimbia nje kwenye theluji, akiita, "Shangazi! Shangazi!"

Altini akageuka. Alipoona walinzi wangali wamesimama langoni, alimsukuma mpwawe polepole kwa pua.

"Rudi ndani, mwanangu," akanong'ona. "Wasije wakakuona na mimi."