Dole la Chini la Pini Kutu

Fundi alisoma tena alichokiandika, akajua ni kosa tupu, akakituma.

"Mikono ya gauni," somo lilisema. "Tandaza kitambaa, uso wake juu. Weka karatasi ya kipimo, kata mkono wa kwanza. Karatasi usiigeuze. Iache vilevile, kata wa pili."

Atakayefuata hayo atabaki na mikono miwili ya kushoto na gauni lisilovalika. Na fundi huyu alishona mikono yake ya kwanza kabla hajaota chunusi.

Aliegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akakanyaga cherehani. Hakuwa na kitambaa chini ya sindano. Alikanyaga tu, chumba kipate sauti.

Katika baraza lao la mafundi mtandaoni, kila somo lilipigiwa madole. La juu, umependa. La chini, umekataa, na jina lako linaonekana. Sasa mkuu wa baraza alitaka madole ya chini yafichwe kuanzia kesho. "Tujenge baraza la upendo," aliandika. "Mwenye kinyongo akae nacho kwake." Kura zilikuwa zinafungwa jioni hiyo, na karibu wote walikuwa wameshakubali.

Fundi alipinga. "Sifa hazinyooshi pindo," aliwaandikia. "Anayekusifu huenda hata hajakusoma. Anayekukataa amekusoma mpaka nukta ya mwisho. Mkimficha, mgeni atajuaje kwamba somo lina walakini?"

Wakamcheka. "Mama yetu anapenda kuchomwa!" mmoja alijibu. "Kashamzoea Pini Kutu wake."

Hapo walimgusa penye kidonda. Pini Kutu alikuwa mwanachama asiye na picha wala neno. Hakufundisha, hakusifu, wala hakumkataa mtu mwingine yeyote barazani. Lakini fundi akiteleza, hata kwa upana wa uzi, dole jekundu la chini lilitua, na jina hilo pembeni yake. Mwanzoni alikasirika mpaka akaibwaga simu mezani. Baadaye akawa habandiki sufuria jikoni kabla hajatazama kama limetua.

Tangu mvua zianze, Pini Kutu alikuwa kimya. Fundi alikosea kidogo, kimya. Akakosea zaidi, kimya.

"Hodi, na nimeshaingia!" Alikuwa jirani, muuza zipu aliyehamia chumba cha pili majuzi. Akavuta kiti cha cherehani ya ukutani, ile iliyofunikwa shuka.

"Hicho kina mwenyewe," fundi alisema upesi. "Njoo huku kwenye kigoda."

"Mbona huyo mwenyewe sijamwona hata siku moja?"

"Kaa, mdogo wangu. Unahoji kama redio."

Jirani akakaa, akaichukua simu bila kuomba. "He! Dada, leo umewaua! 'Asante mama.' 'Umetukomboa.' Madole ya juu kama siafu!"

"Ni uongo mtupu."

"Ati nini?"

"Ukishona hivyo, utakuwa na mikono miwili ya kushoto."

Jirani alicheka mpaka kigoda kikalia. "Kwa hiyo umewauzia mbuzi kwenye gunia! Unatafuta nini, mwanamke wewe?"

"Mtu mmoja anikatae."

"Yule mbaya wako? Si ushukuru kachoka! Na kuanzia kesho, hata akirudi, hutamwona."

"Ndiyo maana nataka iwe leo."

Jirani akaanza kusoma majina ya waliosifu, moja moja, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Kwa kila jina fundi alitikisa kichwa. Hongera. Asante. Mioyo na maua. Hajawahi kuzungukwa na watu wengi hivyo, wala kuwa peke yake hivyo.

Mwanga wa dirishani ukaanza kufifia. Mkuu wa baraza akatangaza kwamba kura zinakaribia kufungwa.

"Huyo haji, dada. Kubali tu," jirani alisema, safari hii kwa upole.

Ndipo likatua. Dole moja jekundu, la chini. Pini Kutu. Na chini yake, maneno mawili, ya kwanza tangu ajiunge: "Geuza karatasi."

Kisha mtu akaandika, "Ngojeni kwanza. Mikono hii si yote ya kushoto?" Mwingine akasema alikuwa ameshaukata mmoja. Madole ya juu yakaanza kupukutika, mekundu yakapanda, na aliyemcheka fundi akaomba radhi mbele ya wote. Mwishowe mkuu mwenyewe akaandika: "Na mimi nililisifu bila kulisoma. Nimeisitisha kura. Madole ya chini yabaki, na majina yake."

"Umeshinda!" Jirani aliruka. "Umewanyamazisha wote!"

Fundi hakuwa akisoma tena. Alikuwa amefumba macho, viganja vyote viwili vimelala kifuani, akivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Na mbaya wako kajileta mwenyewe mtegoni," jirani aliendelea. "Watu wengine hawana kazi jamani! Anakuviziavizia mwaka mzima, hana jina, hana sura. Hivi unadhani ungeweza hata kumtambua, mkikutana njiani?"

"Ningemtambua," fundi alisema, akiitazama cherehani iliyofunikwa shuka. "Nilimnyonyesha mwenyewe."