Mama na Kikombe

"Simamisha hapo," alisema mgeni, fundi wa katuni za sinema aliyekuja kuwafunza wanafunzi.

Kwenye skrini, mkono wa mama wa katuni ukaganda kabla ya kugusa kikombe.

"Hongera, binti. Kipofu umempatia kwelikweli!"

Darasa likapiga makofi. Msichana aliyeichora akaduwaa.

"Si kipofu, mwalimu. Ni mama yangu anakunywa chai. Nilimrekodi nyumbani, nikafuatisha picha kwa picha."

Mgeni akairudisha katuni nyuma taratibu. Vidole vikapapasa meza, vikafuata ukingo wa kisahani, vikakipata kikombe. Macho muda wote yalitazama mlangoni.

"Mama anaona vizuri?"

"Anaona! Jana tu kaisifia michoro yangu yote." Akaitazama tena skrini. "Mmoja aliushika kichwa chini miguu juu. Nikacheka, nikajua ananitania."